Kwa Thuwaiba, Anayekwenda Taita Kuhesabu Vipanga

Mbwajumali, baada ya Alasiri

Mwanangu Thuwaiba,

Nakuandikia kwa sababu kuzungumza nawe kumenishinda. Nikisema neno moja, nawe unalo lako. Nikisema la pili, babako anacheka. La tatu sijawahi kulifikia. Karatasi haikatizi mtu. Nitasema mpaka nimalize, nawe utasoma mpaka umalize, na ukitaka kunijibu utanijibu ukiwa huko Taita, ambako nasikia simu hushika ukisimama juu ya jiwe fulani, na jiwe lenyewe mpaka usiku lina foleni.

Saa hii uko Pate kwa nyanya yako, umekwenda kumuaga. Umesema utarudi baada ya Isha. Barua hii utaikuta juu ya mto wako.

Habari ya koti sitaisema. Umelitoa begini ili upate nafasi ya vitabu vya ndege, nami nimelirudisha, ukalitoa, nikalirudisha, na sasa liko chini kabisa, limefungwa ndani ya leso yangu. Ukilitoa tena utakuwa umeamua kufa kwa baridi na mimi nimeshanawa mikono. Habari ya dawa sitaisema, wala ya sala, wala ya kuuliza nyama imechinjwa na nani. Una miaka ishirini na minne. Usilolijua mpaka leo utafunzwa na mlima.

Nina mambo mengine ya kusema, na kwa kuwa sijui yanaanzia wapi, naanza na hasira, maana hiyo ndiyo iliyo karibu.

Watu wamenichosha. Tangu habari yako ienee, sina amani dukani wala kwenye hitima. Mwezi uliopita nilikuwa arusini, nimekaa zangu na sahani yangu, akaja mama mmoja wa Kizingitini akakaa kando yangu.

"Nasikia bintiyo apata kazi bara."

"Alhamdulillahi. Taita."

"Kazi ya nini?"

"Ya kuhesabu vipanga. Kuna mlima huko, hupita juu yake msimu huu wakitoka nti za baridi."

"Vipanga wa nani?"

"Wa Mungu."

Akatafuna kidogo. "Na wakisha kuhesabiwa, hufanywaje?"

"Huachwa wakaenda zao."

Yule mama akanitazama kama mtu aliyefiwa, akanisogezea nyama yake. Nyama ya huruma, Thuwaiba. Niliila, kwa sababu ilikuwa nzuri, lakini nilirudi nyumbani nimeudhika, nikakuuliza swali lilelile. Nawe, bila hata kuinua macho, ukasema, "Mwaka ujao tutahesabu tena, Mama, tujue kama wamepungua." Nikauliza, na wakipungua? Ukasema, "Tutajua wamepungua." Mimi ni mtu mzima. Jibu kama hilo uwape watoto wa madrasa.

Wewe wajua kwamba mimi na mwewe hatuna undugu. Nafuga kuku tangu kabla hujazaliwa, na vifaranga walioibwa uani kwangu, lau wangekua, wangelisha arusi tatu. Sijui kama wakumbuka ile siku ya jogoo. Ulikuwa darasa la pili. Mwewe akashuka mchana kweupe, nami nilikuwa napika. Nikamrushia mwiko kwa nguvu zangu zote, nikamkosa, nikampiga jogoo wangu mwenyewe kichwani. Akafa palepale bila ya kuchinjwa, hata kumla hatukuweza. Nimekaa chini nimeshika kichwa, wewe ukaja ukanishika bega, nikadhani waja kunipa pole. Ukasema, "Mama, umeona mkia wake? Umepasuka katikati kama wa samaki."

Hapo ndipo iliponipasa kujua. Nikadhani ni utoto.

Taabu yetu ni kwamba Mungu alijaalia uzaliwe kisiwani. Nti yetu haina mlima. Haina hata kilima cha kumchosha punda. Na wewe tangu ukiwa mdogo wataka kuwa juu. Kisha ukapata yule Mwalimu Mutiso kule sekondari, mtu wa bara asiyejua kuogelea, ambaye serikali ilimleta awafundishe baiolojia, naye akawapandisha juu ya paa la maktaba kuwaonyesha ndege. Wenzako walishuka wakaenda kula. Wewe hukushuka. Mpaka leo hujashuka.

Mwaka jana, mwanzo wa vuli, ukarudi likizo kutoka chuoni na darubini shingoni. Ukasema Mwalimu Mutiso, ambaye siku hizo alikwisha kuacha ualimu na kuwa mkuu wa wahesabu wa Taita, amekuomba umwandikie kila siku idadi ya kozi wanaopita huku kwetu pwani. Nikauliza kozi ndio mwewe? Ukapumua kama mtu mwenye mzigo. Ukanieleza kwamba kozi hawa ni wadogo, dume ni wa kijivu na miguu myekundu, wanatoka upande wa Uchina, wanavuka bahari nzima, na kwamba hawali vifaranga, wanakula kereng'ende na kumbikumbi. Nikakwambia ndege mdogo namna hiyo avuke bahari nzima, ambayo babako akiivuka mpaka Amu hutapika. Ukasema, "Ndiyo maana twawahesabu."

Kesho yake ulikuwa juu ya tangi la maji.

Lile tangi ndilo pahali palipo juu kuliko pote kijijini, na nani asiyelijua? Lakini wewe na babako hamkufikiri, au mlifikiri mkanyamaza, kwamba kutoka pale mtu huona nyuani mwa watu wote. Babako alikutengenezea ngazi. Seremala mzima, mtu wa miaka hamsini na ushei, akamtengenezea binti yake ngazi ya kupandia juu ya nyumba za wake za watu akiwa na darubini. Bi Zuhura akaja mlangoni, buibui amelivaa kombo kwa haraka, nyuma yake wanawake wengine wanne.

"Bi Maimuna, mwanao yuko yuu ya tangi atuchungulia. Mimi nasuka nywele uani, kichwa wazi, nainua macho namuona amenielekezea mirija."

"Hakutazami wewe, Bi Zuhura. Atazama vipanga."

"Kipanga gani yuko uani kwangu?"

Wanne wale wakanitazama. Mimi hapo ningesema, ngojeni nimwite aje awaeleze. Neno jepesi hivyo. Badala yake nilisema, "Hatapanda tena. Nawaahidi." Nikasema kwa sauti, wakanishukuru, wakaenda. Uliposhuka nilikuvua ile darubini shingoni, nikaifungia sandukuni chini ya nguo zangu za Idi. Ulijaribu kusema, nikakwambia sitaki kusikia. Na kweli sikutaka. Nilikuwa nimekwisha kuwafurahisha watu watano kwa mara moja, na raha yake ilikuwa bado haijanitoka mwilini.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa sijui kwamba nimemzaa punda wa Pate. Kesho yake ukaniambia unakwenda kumtazama nyanya yako, na kweli ulimtazama, ukala kwake, ukamfulia, halafu ukaenda ukapanda juu ya lile gofu la nyumba kongwe nyuma ya kwake, ukuta uliosimama peke yake tangu enzi za nyanya wa nyanya yako, uhesabu kozi kwa macho matupu. Jiwe likatoka.

Nilipigiwa simu nikiwa nakanda unga. Sijui nilifikaje Pate. Najua tu kwamba nilifika na unga mikononi na kwamba mwenye boda boda hakunidai hata leo. Mkono wako ulikuwa umeelekea pasipo pake. Tukakupakia botini kwenda hospitali Amu, wewe umelala kichwa chako pajani mwangu, rangi imekutoka, mimi nasoma kila aya niliyoihifadhi. Katikati ya safari ukafumbua macho. Nikainama, nikadhani wataka maji.

"Wale kozi, Mama. Wale wawili. Ni majike."

Wallahi nilitaka kukupiga kofi, nikakosa pahali pazima pa kupiga.

Usiku ule pale hospitali, na siku zilizofuata, watu walikuja kunipa pole na kusema binti yangu ni mkaidi. Niliitikia. Lakini nilijua ukuta ule haukupanda kwa ukaidi tu. Ulipanda kwa sababu lile tangi, ambalo ni la saruji na lina ukingo, nilikuwa nimeliuza kwa shukrani za majirani. Hakuna aliyenilaumu, hata wewe. Ndiyo maana nalisema hapa mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani ulikuwa na plasta toka begani mpaka vidoleni. Mwalimu Mutiso akapiga simu akasema uache, upone. Ukamjibu vizuri, kisha ukageukia ukutani ukalia. Kwa maumivu ya mkono hukulia hata mara moja. Nilikaa nikikusikiliza, na kadiri ulivyolia ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu hasira zangu, kama ujuavyo, huja pale panapotakikana kitu kingine. Mwisho nikaenda sandukuni, nikaitoa darubini, nikavaa buibui langu, nikaenda kwa Bi Zuhura.

Hili hukulisikia lilivyokuwa; babako alikusimulia kwa mbwembwe zake. Lilikuwa hivi.

"Bi Zuhura, nilikudanganya."

"La nini tena?"

"Nilikuahidi Thuwaiba hatapanda tena. Sikumuuliza. Atapanda, akipata mkono au asipate. Nimekuja kukuuliza wewe apande wapi usipate kumuona."

Bi Zuhura akanitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akasema, "Nyumba nzima muna wazimu." Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa mlango wa paa lake. "Apande kwangu. Kwangu ni kurefu, na akiwa yuu yangu hawezi kuniona. Ataona nyua za wenzangu, lakini wale si niliowaleta? Nitawarudisha."

Ndivyo nilivyokuwa mhesabu vipanga, mimi, kwa umri huu, na uadui wangu wote na mwewe. Wewe na plasta, umekaa juu ya mkeka unaandika kwa mkono wa kushoto. Mimi nimesimama na darubini inanibana pua. Wakaja kundi, wengi, wanazunguka juu ya minazi kama majani makavu kwenye upepo.

"Wangapi, Mama?"

"Wengi."

"Wengi si hesabu."

"Mia."

"Umewahesabu?"

"Andika mia. Mwalimu wako atafurahi."

Ukaweka kalamu chini. Hukukasirika, lau ungekasirika ningejua la kufanya. Ulisema polepole, "Mama, usinifurahishe. Niambie ulichoona. Na kama hukuona, sema hukuona."

Nilikuachia darubini yako nikashuka. Nilikwambia kuku wangu hawajala. Kuku walikuwa wamekula.

Thuwaiba, neno lile liliniuma kuliko ulivyokusudia. Nilikaa jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Maana ulinishika pale ambapo siku zote nilipita haraka ili mtu asipaone. Nitakusimulia jambo moja, na usinihurumie, sipendi. Wewe na babako mna tabia ya kunitazama kwa macho ya mbuzi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi ya kwenda bara kusomea uuguzi. Nilitaka ukunga. Nilikuwa nimemuona mamangu mdogo akifa katika uzazi hapa hapa, na boti haikuja, nikajiambia mimi nitakuwa yule asiyehitaji kungojewa. Nilitaka sana. Nililala na ile barua ya chuo chini ya mto mpaka ikachakaa. Basi wazee wakakaa, babu yako, shangazi zangu, na mjomba wako Shee ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameoa na ana maoni juu ya kila kitu. Shangazi mmoja akaniuliza, "Haya, Maimuna, wataka kwenda?"

Nilitazama nyuso zao. Nikaona, au nilidhani nimeona, kwamba hawataki. Nikasema, "Kama nyinyi hamtaki, na mimi sitaki."

Shangazi akasema mashaallah, mtoto mwenye adabu. Wakainuka wakaenda kusali.

Miaka ikapita. Nikaolewa na babako, na hilo silijutii, ingawa siku ya ngazi nililijutia mpaka Magharibi. Siku moja, wewe ukiwa bado unatambaa, babu yako alikuwa ameketi hapa kwetu anafua nazi, nami namsaidia, tunazungumza mambo ya kupita tu. Nikamwambia kwa mzaha kwamba lau si nyinyi kunikataza, leo ningekuwa nakupima presha. Akaacha kufua. Akasema, "Nani alikukataza?"

"Nyinyi."

"Mimi nilikuwa nimekwisha kukutafutia pa kukaa, kwa binamu yangu kule Mombasa. Nilikuwa nangoja useme."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema hutaki. Ningekulazimisha?"

Hakulisema kwa kunilaumu. Alishangaa tu. Akaendelea na nazi zake. Na mimi nikakaa pale nikatafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa, na mpaka leo sijampata. Si babu yako, si shangazi, wala si Shee. Hakuna aliyefunga mlango ule. Nilisimama mbele yake nikasema hapana kwa heshima, kabla ya mtu kuniuliza vizuri.

Mtu angedhani nimejifunza. Nami nilidhani hivyo. Siku ya pili yake, baada ya viazi vile, nilipanda tena juu ya paa la Bi Zuhura, ukanifundisha kutazama mstari mmoja tu, kutoka mnazi ule uliopinda mpaka mnara wa msikiti, na nisimhesabu anayezunguka, nimhesabu akishavuka. Nikafanya hivyo. Nilipopotea nilisema nimepotea, ukaandika kwamba tumepotea, na mbingu hazikuanguka. Kuna mmoja alipita karibu sana siku ile, ana kereng'ende mguuni, anamla huku anaruka, kama mtu anayekula andazi akienda kazini. Nilijifanya nafuta kioo. Bi Zuhura naye akapanda na birika la chai ya tangawizi, akatusaidia kuhesabu, na alikuwa anahesabu kunguru, lakini kwa ukweli.

Kwa hivyo nilikuwa nimejifunza. Halafu mwaka huu, wiki mbili zilizopita, akaja mjomba wako Shee.

Wewe ulikuwa ndani unafungua lile begi jipya. Alikaa barazani na babako, akaniita. Akasema miguu yake haimbebi tena, na duka lake la samaki kule Kizingitini anataka limshikiwe na mtu wa damu, mtu msomi, asimamie mizani na wanunuzi wa kamba wanaotoka Mombasa. Akasema, "Thuwaiba ajua kuhesabu. Kuliko kuhesabu ndege bure huko mlimani, aje ahesabu samaki. Na atalala kwenu kila siku."

Neno la mwisho hilo ndilo lililonimaliza. Kulala kwetu kila siku. Nikasema, "Atakuja." Hata chai yake ilikuwa haijapoa. Babako akanitazama. Shee akaomba dua, akaondoka na furaha yake.

Ukatoka mlangoni. Nilidhani utapiga kelele. Ulisema tu, "Mama, umefanya tena." Na tangu siku ile unaniita kwa adabu, unaniamkia kwa adabu, unanisaidia kukoka moto kwa adabu, na mimi naona afadhali ungevunja sahani.

Nitakwambia kwa nini nilisema vile, na si kwa kujitetea. Sipendi ile barabara ya bara ya kutoka Mokowe, ambako mabasi hushambuliwa. Kila basi likipita namuomba Mungu hata kama ndani simjui mtu. Sipendi mlima ambao sijauona. Sipendi kufikiri kwamba utaugua na atakayekushika kichwa ni mtu ambaye hajui kwamba ukiwa na homa hutaki kuguswa. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja nililokwambia. Nilichokwambia ni kwamba kazi yenyewe ni ya upuuzi. Nilikupa hesabu ya uongo, kwa sababu ile ya kweli niliionea haya.

Leo asubuhi nilipowaambia nakwenda kununua unga, sikwenda kununua unga. Nilikwenda Kizingitini.

Shee alikuwa dukani, wavuvi wamejaa, sakafu imelowa, anapima. Sikumngoja amalize, nilijua nikingoja nitasema kitu kingine. Nikamwambia, "Kaka, Thuwaiba hatakuja. Nilikuahidi bila ya kumuuliza. Yeye alikuwa amekwisha kuahidi pahali pengine."

Akaweka samaki chini. "Nimekwisha waambia watu."

"Waambie mimi ndiye niliyekosea."

"Na wewe wataka aende huko?"

Watu wote wakanyamaza, nawe wajua watu wa Kizingitini hawanyamazi. Nilitazama nyuso zao kama nilivyozoea. Kisha nikasema, "Sitaki."

"Basi mkataze."

"Kutotaka ni kwangu, na nitakaa nako. Yeye ataka. Nami sina ruhusa ya kumjibia."

Hakunipigia kelele. Alisema, "Sawa, Maimuna," kwa sauti ambayo tangu tuzaliwe hajanisemesha nayo, akarudi kwenye mizani yake. Hakuniambia niketi. Hakuniuliza kama nimekunywa chai. Ni kaka yangu wa pekee, na sijui atakanyaga lini hapa nyumbani. Labda Idi, labda asije. Nilisimama pale nje kidogo, jua linaniwakia, nikangoja aniite. Kisha nikarudi.

Nilipofika, wewe na babako mlikuwa uani mnafunga begi, mnacheka kitu. Babako akaniuliza unga uko wapi. Nikamwambia hakuna unga kisiwa kizima. Akaamini. Nawe ukaninyang'anya kikapu kitupu mkononi kwa adabu yako ile, nami nilikuwa na maneno yote haya mdomoni, nikashindwa. Ndiyo maana umepata karatasi.

Basi sikiliza. Nenda. Sikwambii kwamba nimefurahi, kwa sababu sijafurahi, na wewe mwenyewe ulinikataza kukufurahisha. Ukifika huko ukaona kazi si yako, au mlima si wako, au watu si wako, usikae huko miezi mitatu unatetemeka ili tu mimi nisiwe nimesema kweli. Rudi. Nitasema "nilikwambia" mara moja tu, jikoni, na hatutalirudia. Na ukiona ni yako, na msimu ukaisha, na Mwalimu Mutiso akakuambia ubaki, usinitumie babako kuja kunipima kwanza. Nipigie mimi. Nitanyamaza kidogo, nipe muda wa kunyamaza, usiukate kwa maneno. Nikikasirika, ngoja. Chini ya hasira kuna kitu kingine, nawe wajua kukitazama kitu mpaka kivuke.

Adhana ya Magharibi inakaribia na kuku hawajaingia bandani. Kilichobaki ni boti. Inaondoka alfajiri, na maji hayamngoji mtu. Usiweke kengele ya simu. Italia nyumba nzima, itamuamsha babako, na babako akiamka kabla hujaondoka atalia, nami sina nguvu za kubembeleza watu wawili. Lala. Mimi nitakuwa macho, na nitakuamsha mwenyewe.

Mungu akuhifadhi huko juu na huku chini.

Mamako,
Maimuna